Mdomo wa maji unaovuja: shajara ya kuitengeneza mashua yetu, Nungwi

Jumatatu, maji mafu (siku za maji kupanda na kushuka kidogo)

Mashua ya mbao haikosi maji ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, na Ami, ambaye ndiye nahodha wetu, anayajua maji ya chombo chake kwa kuyatazama tu. Asubuhi hufunua ubao wa sakafu, huchungulia, husema "haya", kisha huwasha pampu. Leo amechungulia na hakusema kitu. Maji yamepanda mpaka kwenye miguu ya injini, na jana jioni tuliiacha ngama kavu.

Kwa asiyeijua: ni mashua ya mita 11, mbao zake mvule, imeundwa hapahapa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na ina dizeli ya ndani ya silinda 3. Hupeleka wapiga mbizi upande wa kisiwa cha Mnemba, na wageni wakipungua huenda kuvua. Injini ya namna hii hupozwa kwa maji ya bahari, kwa hiyo lazima pawe na tundu chini ya mstari wa maji. Letu liko ubavu wa kushoto karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, kati ya mataruma (mbavu za mbao) mawili. Ndani ya tundu hilo mna kipande cha shaba: kwa nje kina kichwa bapa kinacholala juu ya ubao, kwa ndani kina shingo yenye thredi, na nati kubwa hukibana. Sisi hukiita mdomo. Juu ya shingo hufungwa koki, kisha hosi, kisha chujio, kisha pampu ya injini.

Kwanza nilitaka kujua kama ni mishono ya mbao inayoingiza maji au ni mdomo, maana dawa ya huyu si dawa ya yule. Tulifua maji yote, tukakausha kwa matambara, nikapitisha chaki juu ya mishono ya upande ule na kuuzunguka mdomo. Chaki kavu hugeuka rangi ikiguswa hata na unyevu mdogo. Mishono ilibaki myeupe. Penye mdomo mstari mweusi ulianza kuteremka kabla sijairudisha chaki mfukoni.

Kisha nikafunga koki, na kwangu hili ndilo jaribio la maana kuliko yote. Koki ikifungwa na maji yakakoma, tatizo liko mbele yake, kwenye hosi au chujio au pampu, na chombo kinaweza kusubiri. Yetu yaliendelea vilevile. Basi maji yanaingilia kabla ya koki, mahali ambapo hakuna tena kitu cha kuyazuia.

Nikalala kifudifudi juu ya taruma na tochi na kioo cha mkononi. Pale koki inapokutana na shingo pana ukoko wa kijani. Tone linajikusanya kwenye ukingo wa chini wa ukoko, linaning'inia, linaanguka, na jingine limeshaanza. Nilikwangua mahali padogo sana kwenye ukingo wa thredi kwa ncha ya kisu. Shaba ya manjano iliyo nzima ikikwanguliwa hung'aa manjano. Hii ilitoka rangi ya waridi iliyofifia, na vumbi lake likabaki juu ya kisu.

Waridi hiyo ndiyo iliyonitia hofu, si tone. Koki za nyumbani ni shaba iliyochanganywa na zinki, na zinki yenyewe inaweza kufika asilimia 40. Kwenye maji ya bomba hudumu miaka mingi. Kwenye maji ya chumvi zinki huyeyuka ikatoka kidogokidogo, na kinachobaki ni shaba yenye vitundu visivyoonekana, isiyo na nguvu. Umbo halibadiliki: thredi zipo, nati ipo, unene ni uleule. Na bahari yetu, ambayo hata wakati wa kusi huwa na joto la nyuzi 25 hivi, huiharakisha kazi hiyo. Aliyefunga koki hii kabla chombo hakijawa chetu aliinunua duka la mabomba ya nyumba, na sura yake ya nje haimwambii mtu kitu.

"Mwanangu, si tuipake gundi kwa ndani tumalize wiki na wageni?" Ami aliuliza.

"Ami, gundi itashika ukoko. Ukoko wenyewe haujashika kitu."

Akanyamaza, kisha akatoa simu akaanza kuwapigia watu wa wiki hii mmoja mmoja. Nikamwomba jambo moja zaidi: mtu yeyote asitie spana pale mashua ikiwa majini. Shingo iliyokwisha zinki inaweza kuvumilia miezi ikiachwa, ikakatika kwa robo mzunguko wa spana.

Usiku nilipiga hesabu, maana Ami hupenda kujua hatari kwa kiasi chake. Tundu la milimita 25 lililo sentimita 50 chini ya maji, likibaki wazi kabisa, huingiza kama lita 55 kwa dakika, karibu ndoo 3 za lita 20. Kwa saa moja hizo ni zaidi ya lita 3,000. Pampu yetu ya umeme imeandikwa kwenye boksi lita 4,000 kwa saa, lakini hiyo ni pampu isiyoinua maji na betri iliyojaa. Yetu inainua zaidi ya mita moja, kwa hosi yenye mikunjo, na betri hushuka kila dakika inayopita. Mshindi wa shindano hilo anajulikana.

Jumanne

Leo hatukugusa mdomo hata kidogo. Tumejitayarisha kwa siku ambayo utakatika wenyewe.

Kizibo kwanza. Nimechonga vizibo vya msonobari, virefu kama kiganja, vyembamba mbele na vinene nyuma, kidogo zaidi ya upana wa tundu. Mti laini ndio unaofaa, kwa sababu hubonyea ukafuata umbo la tundu na ukilowa hufura. Mvule au mbambakofi haubonyei, na ukiupiga nyundo kwenye shaba mbovu utaipasua. Kimoja nimekifunga kwa kamba kwenye taruma, jirani na koki, na nyundo ya mbao nimeitundika hapohapo. Kizibo kilichomo ndani ya sanduku chini ya maboya hakimsaidii mtu gizani.

Kisha tumeihamisha mashua. Tumeileta karibu na ufukwe, mahali ambapo hata maji mafu yakipwa mkuku, uti wa chini wa chombo, unagusa mchanga. Mdomo ukiachia hapo, chombo kitajaa maji na injini italowa, lakini hakitazama mahali pa kina. Baharia wetu atalala chomboni mpaka siku ya kazi, na nimemlipa kwa usiku huo kama anavyolipwa kwa safari, maana ni kazi.

Jambo jingine nililoliona ngamani: waya wa pampu ya umeme ulikuwa umelala ndani ya maji, na kiungo chake kimefungwa kwa tepu tu. Umeme unaovuja ndani ya ngama hula shaba kwa kasi kubwa kuliko chumvi peke yake. Nimeuinua, nimeunga upya na kuufunga juu ya taruma. Siwezi kusema ulichangia kiasi gani, ila haukustahili kuwa pale.

Alhamisi, Dar es Salaam

Nimevuka kwa boti ya asubuhi kutafuta vifaa. Unguja ningepata koki ndani ya dakika kumi, ya manjano, ileile iliyotuleta hapa.

Niliingia na vipimo vyangu kwenye karatasi: tundu inchi 1, ubao sentimita 4, kitako cha ndani (kipande cha mbao kinacholala kati ya ubao na koki) sentimita 4. Na nilijua chuma ninachokitaka, nacho ni shaba iliyochanganywa na bati. Ile inayotumika sana kwa vifaa vya vyombo ina shaba asilimia 85, na bati, risasi na zinki asilimia 5 kila moja. Zinki ni kidogo mno kuweza kuondoka ikaacha kifusi. Ipo pia shaba ya manjano iliyotiwa arseniki kidogo ili zinki isitoroke, nayo hugongwa muhuri wa CR au DZR. Hiyo ni bora sana kuliko ya dukani, na kwa maji yasiyo na chumvi ningeichukua bila wasiwasi. Kwa chombo kinachokaa baharini mwaka mzima, na tundu moja ambalo maisha ya watu yamelitegemea, nilitaka ile ya bati.

Tazama na viwango vilivyosema. Kiwango cha kimataifa ISO 9093, sehemu yake ya vifaa vya metali ya mwaka 1994, kilikihesabu kifaa kuwa kinastahimili kutu iwapo kitatumika miaka 5 bila kasoro ya kuvuja, kudhoofika au kushindwa kazi. Miaka 5! Mashua ya mvule hapa Nungwi kwa miaka 5 bado ni mpya. Kwa hiyo mtu akikuambia kifaa chake "kimepita kiwango", muulize ni cha chuma gani.

Nailoni yenye nyuzi za kioo nayo niliishika mkononi. Haili kutu, haina ugomvi na misumari ya chuma iliyomo ndani ya mbao zetu, na ni nyepesi. Ningekuwa na boti ya faiba ningeondoka nayo. Lakini saizi yetu haikuwepo, na kuagiza kungetupitisha bamvua, yaani siku za maji makubwa tunazozihitaji kukipandisha chombo ufukweni.

Nilichochukua ni mdomo wa shaba ya bati na koki yenye kitako kipana. Kitako ndicho kilichonivuta. Koki ya zamani ilikuwa imekaa juu ya shingo peke yake, na kila aliyeikanyaga, kila hosi iliyovutwa, kila mtikisiko wa injini uliishia kwenye zile thredi nyembamba. Koki ya kitako hulala juu ya mbao na kufungwa kwa boliti zake, na mzigo wa pembeni huchukuliwa na mbao.

Pale kaunta nilimwomba muuzaji radhi nikaufunga mdomo ndani ya koki kwa mkono. Uliingia laini mizunguko mingi, ukakaa. Hili ni lazima. Vifaa vya Kimarekani vina mtego: shingo ya mdomo thredi zake zimenyooka, na koki nyingi za bomba thredi zake zimechongoka, basi zinashikana mizunguko miwili au mitatu halafu zinakwama. Mtu hudhani imekaza, kumbe imeshika kwa ncha. Hivi vyetu ni vya kipimo cha Kiingereza, thredi sawa pande zote mbili.

Klipu za hosi nilizipitishia sumaku. Utepe wa klipu nyingi haushiki kutu lakini skrubu yake ni chuma cha kawaida, na sumaku huidaka mara moja. Nilirudisha nyingi.

Kusubiri bamvua

Bamvua la pwani yetu lina saa zake na wazee wanazijua bila jedwali: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi na hukauka kwenye saa nne. Kazi ya mchana basi inaanguka vizuri, mchanga mkavu kuanzia asubuhi hadi baada ya adhuhuri. Maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo hatuhitaji winchi wala kreni. Tunahitaji kuchagua siku. Ami amesisitiza tupandishe maji yakiwa bado yanakua, siku chache kabla ya kilele. Ukipandisha chombo siku ya maji makubwa kuliko yote, maji ya kesho hayafiki ulipo, na utakaa juu ya mchanga mpaka bamvua jingine.

Fundi amechonga kitako cha ndani cha mbambakofi. Kile cha zamani ni plaiwudi, tumekiona kimevimba pembeni. Mambo mawili aliyoyashikilia nimeyaandika ili nisiyasahau. La kwanza, kitako kilale ndani ya ubao mmoja, kisivuke mshono, kwa sababu mbao mbili hufura na kusinyaa kila moja kwa upande wake, na kitakachozishika zote mbili kitapasuka au kitazipasua. La pili, mishipa ya mti wa kitako ielekee sawa na mishipa ya ubao. Boliti za koki ataziingiza kutoka chini ya kitako, vichwa vyake vizame ndani ya mbao, ili zisitoboe ubao wa nje. Tundu moja chini ya maji linatutosha.

Tumebishana kuhusu cha kuzibia. Fundi anaamini pamba na sifa, yaani mafuta ya samaki, na ana haki ya kuamini, amefunga vyombo vingi vilivyo baharini hadi leo. Mimi nilinunua gundi ya poliuretani, ile ya vyombo, ambayo hukauka kwa unyevu na kubaki na mnato wa mpira. Viwili hivi havikai pamoja: sifa ni mafuta, na poliuretani haishiki mafuta. Mashua yetu imenyweshwa sifa kwa ndani tangu ilipoundwa. Basi tulijaribu badala ya kubishana. Nilipaka gundi kwenye kipande cha ubao wa zamani kama kilivyo, na pembeni yake kwenye sehemu niliyoiranda mpaka mti mpya ukaonekana na kuipangusa kwa thina. Asubuhi, ile ya kwanza ilibanduka yote kwa ukucha. Ya pili ilibidi niikate kwa kisu, na ilipotoka ilitoka na nyuzi za mti. Fundi aliigeuza mkononi kwa muda. "Basi turande mpaka tuukute mti wenyewe," akasema. Silikoni ya madirisha hatukuijadili, haina kazi chini ya mstari wa maji.

Jumamosi, bamvua

Tuliipandisha jana jioni maji yalipojaa, tukaitia magadi, nguzo za kuiegemeza, pande zote mbili, na baharia akakesha usiku akiyakaza kadiri maji yalivyopwa. Kufikia saa moja na nusu asubuhi mdomo ulikuwa juu ya maji.

Fundi alikaa ndani, mimi nje. Aliweka spana ya bomba kwenye koki akavuta kwa mkono mmoja, bila kuegemea. Koki ilitoka na nusu ya shingo. Haikulia, haikukwama, ilikatika tu kwenye thredi ya kwanza.

Nimeipiga picha na nimeihifadhi. Ukitazama pale ilipokatika, shaba ya waridi imeingia kutoka nje na kutoka ndani, na katikati umebaki uzi mwembamba wa manjano, upande mmoja tu wa duara. Upande mwingine haupo kabisa. Nilipopasugua kwa kidole punje zilitoka. Huo uzi ndio uliokuwa ukitubeba kwenda Mnemba na kurudi, na watu ndani. Ami aliushika mkononi, akausogeza kwenye jua, akasema "Alhamdulillahi", akaniambia nisiutupe, ukae chomboni wauone mabaharia.

Kitako cha plaiwudi kilitoka kwa tabaka, kimelowa hadi katikati. Chini yake ubao wa mvule ulikuwa mweusi lakini mgumu. Nilijaribu kwa ncha ya patasi kila mahali kuzunguka tundu na haikuzama. Kama ingezama kazi ingekuwa nyingine: kutoa ubao, kuweka mpya, kutia kalafati (pamba ya kuziba mishono) upya. Tulipima pia umbali wa msumari ulio karibu zaidi, maana shaba ikigusana na msumari wa chuma kwenye unyevu wa chumvi, msumari ndio unaoliwa. Hakuna unaofika penye mdomo wala penye boliti. Kwa sababu hiyohiyo hatutaunganisha mdomo na injini kwa waya. Kwenye chombo cha mbao waya wa namna hiyo, pamoja na vipande vingi vya zinki vya kukinga kutu, huozesha mti unaoizunguka shaba.

Tukaranda ndani na nje mpaka mti mpya, tukapangusa kwa thina, tukafunga kila kitu kikavu bila gundi. Hapa ndipo muda ulipokwenda, na ulistahili. Fundi alipaka chaki kwenye ubao, akakilaza kitako, akakiinua, akachonga palipoandika chaki, akarudia hivyo mpaka chaki ikaandika uso wote. Kisha mdomo. Shingo yake ilikuwa ndefu kuliko mbao zetu: ukiukaza, ncha ilifika mwisho wa koki kabla kichwa cha nje hakijalala. Mtu wa ndani angesikia umekaza kabisa na kwa nje pangebaki mwanya. Tuliikata shingo kwa msumeno wa chuma, kidogo kidogo, tukilainisha kwa tupa, mpaka kichwa kikalala na bado thredi nyingi zikabaki zimeshika.

Ikiwa bado kavu, Ami aliweka mguu juu ya koki akasimama na uzito wake wote, kisha baharia akapanda naye wakiwa wameshikana mabega. Kanuni ya H-27 ya ABYC, baraza la Marekani la viwango vya boti, inataka koki ivumilie mzigo wa ratili 500, yaani kilo 227, kwa sekunde 30 bila kuanza kuvuja. Hawa wawili hawafiki huko, lakini hakuna kilichosogea. Ile ya zamani isingembeba mtoto.

Gundi tuliitia kwa wingi: chini ya kitako, ndani ya tundu ili mishipa ya mti iliyokatwa isinywe maji, na chini ya kichwa cha mdomo. Mimi nje nikazungusha mdomo kwa bapa la chuma tulilolikata likaingia kwenye masikio mawili yaliyomo ndani yake, fundi ndani akiishikilia koki. Nilikaza mpaka gundi ikatokeza sawasawa duara zima, nikaacha. Hamu ya kuendelea kukaza ni kubwa, lakini ukikamua gundi yote hakuna kinachobaki cha kuziba, na mvule ukilowa utafura na kubana wenyewe.

Maji yalirudi kutufikia baada ya saa saba mchana. Gundi haikuwa imekauka ndani, na hilo halidhuru. Ngozi ilikuwa imeshashika, na unyevu ndio unaoikausha. Koki imefungwa, kizibo kimefungwa jirani yake.

Jumapili

Usiku nilikaa ngamani na tochi. Mishono miwili ya juu ilitoa maji, kwa sababu mbao zilikauka juani, na kufikia alfajiri ilikuwa imefunga. Kuuzunguka mdomo nilipaka chaki nyeupe yote. Ilibaki nyeupe. Asubuhi maji yalipokauka tena tulipaka rangi ya sehemu ya chini ya chombo juu ya kichwa cha mdomo, tukafunga hosi mpya na klipu mbili kila upande.

Wiki hii, baharini

Gundi tuliiacha siku kadhaa ndipo tukawasha injini. Kitu cha kwanza nilichokitazama kilikuwa maji ya ekzosi: yanatoka kwa nguvu, zaidi ya zamani, maana tundu la koki ya zamani lilikuwa limeshazibwa nusu na ukoko. Tumekwenda Mnemba na kurudi kwa mawimbi ya ubavuni, tukafunga koki njiani na kuifungua, tukaangalia chaki. Nyeupe. Ami asubuhi hii amefunua ubao, amechungulia, amesema "haya".

Tumeweka utaratibu mmoja mpya: chombo kikilala bila mtu, koki inafungwa, na ufunguo wa injini unatundikwa kwenye mpini wa koki. Anayekuja kuwasha lazima aushike mpini kwanza, na koki inayofungwa na kufunguliwa kila siku haikwami. Kila bamvua tunalopandisha chombo nitakwangua mahali padogo kwenye shaba na kutazama rangi.

Kazi iliyobaki ni upande wa pili. Nilipokuwa nikipitisha tochi nimekuta mdomo mwingine, wa choo kilichoondolewa zamani, uko chini ya maji, na mwisho wake umezibwa kwa kifuniko cha plastiki cha bomba. Nimeukwangua: waridi. Huo hatuubadilishi, tunauondoa kabisa na kulifunga tundu kwa mvule, kipande kilichochongwa mshazari ili maji yakikisukuma kizidi kukaa. Mti umeshanunuliwa na uko kivulini kwa fundi. Mpaka siku hiyo kizibo chake kimefungwa jirani yake, na mashua inalala palepale ambapo mkuku hugusa mchanga. Bamvua la mwezi mwandamo tunapandisha.